Dirisha na Kitufe: Historia ya Programu za Wanaoanza, Hata Njia Panda ya Mkiwa

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Singida, akiisha kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuipita Manyoni, hufika Mkiwa, katika Wilaya ya Ikungi, mahali ambapo barabara kuu iendayo Mwanza na mpaka wa Rusumo huachana na barabara nyingine ishikayo upande wa kusini-magharibi, kupitia Itigi, Rungwa na Makongolosi hata Chunya na Mbeya. Malori ya Tanzania, Rwanda na Burundi hupita hapo, na barabara ile ya Itigi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, imeingizwa katika mpango wa kutiwa lami, kikiwemo kipande cha Mkiwa, Itigi na Noranga chenye urefu wa kilometa 56.9. Watu wa nchi hiyo hulima alizeti, mtama na uwele, hufuga ng'ombe na kuku, na asali ya vichaka vya Itigi ina sifa iliyofika mbali. Nimelichagua eneo hili liwe kituo cha historia ninayotaka kuisimulia, kwa kuwa elimu ya kuiamuru kompyuta imesemwa mara nyingi kuwa ni ya watu wote, na neno hilo hupimwa vyema zaidi katika mahali pasipo chuo kikuu wala mji mkubwa, ambapo umeme hukatika, mtandao hulipiwa kwa kifurushi, na kijana mwenye hamu ya kujifunza huwa na kompyuta moja ya mkononi iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengine kabla yake.

Asili ya mambo haya ni ya kale kuliko mashine zenyewe. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliandika katika karne ya tisa jinsi ya kuzitatua hesabu kwa hatua zilizopangwa moja baada ya nyingine, na kutoka jina lake wataalamu wa leo wamepata jina la hatua za namna hiyo. Walakini hatua zilizoandikwa kitabuni zilihitaji akili na mkono wa mtu wa kuzifuata, na ilipita zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kupatikana mashine ya kuzifuata yenyewe bila kuchoka.

Moja ya mashine hizo, iitwayo EDSAC, ilifanya hesabu yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, tarehe 6 Mei 1949, chini ya uongozi wa Maurice Wilkes. Haukupita muda mrefu Wilkes alitambua jambo ambalo kila mwanafunzi wa programu hulitambua mpaka leo, nalo ni kwamba kuandika maagizo bila kosa ni kazi ngumu kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba sehemu kubwa ya umri wa mwandishi itakwenda katika kuyatafuta makosa yake mwenyewe. Dawa waliyoibuni yeye na wenzake David Wheeler na Stanley Gill ilikuwa ya busara kubwa. Kila kipande cha maagizo kilichokwisha kujaribiwa kikaonekana kuwa sahihi, kama vile cha kugawanya, cha kutafuta kipeuo cha pili au cha kuchapa tarakimu, kilitobolewa katika utepe wa karatasi na kuhifadhiwa ndani ya kabati, ili atakayekihitaji baadaye akinakili na kukiunga katika kazi yake pasipo kukibuni upya. Kufika mwaka 1951 vipande hivyo vilikuwa 87, na mwaka huohuo watatu wale walichapisha kitabu kilichowafundisha watu wengine namna ya kuandika programu kwa kuvitumia. Ndiyo maktaba ya kwanza ya namna yake, na yote nitakayoyasema mbele kuhusu moduli za leo ni uzao wa kabati lile.

Hata hivyo wenye kulifungua kabati hilo walikuwa wanahisabati na wanasayansi. Mtu aliyeanza kujifunza, ambaye hakuwa na nia ya kuwa mtaalamu, hakuwa na mahali pake mpaka John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, walipotunga lugha ya BASIC kwa ajili ya wanafunzi wote, hata wale wa fasihi na historia. Lugha hiyo ilifanya kazi kwa mara ya kwanza alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, siku tano baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Mwaka uliofuata, 1965, kompyuta ya kwanza katika nchi yetu, ICT 1500 iliyotengenezwa Uingereza, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mjini Dar es Salaam. Haikuletwa kwa ajili ya kufundishia. Ililetwa kufanya hesabu za Serikali, na waliokaribia kuigusa walikuwa watu wachache katika chumba kimoja.

Yaliyofuata ni sehemu ya historia yetu inayostahili kuelezwa kwa haki. Matumaini yaliyowekwa katika mashine za Hazina hayakutimia. Hesabu zilizotarajiwa kunyooka zilivurugika, wataalamu wa kuzisimamia walikuwa wa kigeni na wa gharama kubwa, na fedha za kigeni ambazo nchi changa ilizihitaji kwa dawa na kwa vipuri zilikwenda katika vyombo visivyoleta faida iliyoahidiwa. Kwa sababu hiyo, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa idhini maalumu. Watu wengi wa siku hizi wanaitaja amri hiyo kwa kuishangaa, kana kwamba waliotoa amri hiyo walichukia elimu. Mimi sikubaliani nao. Amri ile ilitoka kwa watu waliokwisha kuumizwa na chombo wasichokuwa na uwezo wa kukitawala, na mtu aliyeumia hujilinda. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa na haikuonekana mara moja: vijana waliosoma kati ya mwaka ule na katikati ya miaka ya 1980, marufuku ilipoanza kulegezwa, walikua bila ya kuiona kompyuta, na walimu ambao wangewafundisha wadogo zao hawakuandaliwa.

Na miaka hiyohiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya dirisha. Kabla yake mtu alizungumza na kompyuta kwa kadi zilizotobolewa au kwa mistari ya maandishi. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT, alionyesha programu ya Sketchpad, ambayo kwayo mtu alichora juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga na mashine ikaelewa mchoro. Tarehe 9 Desemba 1968, siku Watanzania walipokuwa wakiadhimisha mwaka wa saba wa Uhuru wa Tanganyika, Douglas Engelbart alisimama mbele ya hadhara ya wataalamu mjini San Francisco akawaonyesha kipanya, maandishi yanayohaririwa papo hapo juu ya kioo, na watu wawili walio mbali wakifanya kazi katika ukurasa mmoja. Mwaka 1973, mmoja kabla ya marufuku yetu, kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto kilikamilisha kompyuta ya Alto, yenye madirisha, menyu na kipanya, na Alan Kay na wenzake waliokuwa huko walikuwa na fikra iliyowazidi wengi wa zama zao, kwamba mtumiaji wa kweli wa mashine hiyo angekuwa mtoto. Biashara ilichelewa kuifuata fikra hiyo. Macintosh ya Apple ilitolewa tarehe 24 Januari 1984, na Windows ya Microsoft mwezi wa Novemba 1985. Nchi yetu ilipoanza kuifungua milango yake, kompyuta iliyoingia ilikuwa kiumbe tofauti kabisa na ile iliyofungiwa nje.

Tofauti hiyo ilikuwa neema kwa mtumiaji na msiba kwa mwanafunzi wa programu. Zamani aliyeanza aliandika mistari miwili ya BASIC na jibu likatokea. Sasa, ili afungue dirisha moja tupu lenye salamu ndani yake, alitakiwa kuandika kurasa kadhaa za lugha ya C, akieleza ukubwa wa dirisha, rangi yake, na jinsi ya kuujibu kila ujumbe utokao katika kipanya na kibodi. Na aliyekosea neno moja hakuona kitu. Kizazi kizima cha wanaoanza kingeweza kukata tamaa hapo. Aliyeifungua njia alikuwa Alan Cooper, mtu aliyebuni chombo cha kupanga vitu vya dirisha kwa kuvishika na kuvihamisha kwa kipanya, akakiuza kwa Microsoft mwaka 1988. Huko kiliunganishwa na BASIC, na tarehe 20 Mei 1991 kikatangazwa kwa jina la Visual Basic. Mwanafunzi alikuta kando ya kioo sanduku la vifaa: kitufe, lebo, kisanduku cha kuandikia, orodha. Alikichukua kitufe, akakiweka atakapo, akakibofya mara mbili, na hapo akaandika maagizo ya kufuatwa kila kitufe kitakapobonyezwa. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilifundisha kwa chombo hiki katika miaka ya 1990 na baada yake, na ofisi, maduka na zahanati kadha wa kadha zilitumia programu zilizoandikwa na watu waliojifunza namna hiyo. Mjini Dar es Salaam, Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu, kilichofanywa kampuni mwaka 1999, kilikuwa miongoni mwa milango ambayo kwayo watu wa kawaida waliingia katika elimu hii.

Lakini Visual Basic kilikuwa chombo cha kununuliwa, tena kilifanya kazi katika Windows peke yake, na kijana wa mikoani alikipata aghalabu kwa nakala isiyo halali, iliyopungua vipande na kuzidi virusi. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoiona kuwa ya maana zaidi kwa mahali kama Mkiwa, ilikuwa ikitengenezwa kimya mahali pawili tofauti. Huko Berkeley, California, mwalimu John Ousterhout alianza mwaka 1988 kutunga lugha ndogo aliyoiita Tcl, na baadaye akaiongezea Tk, mkusanyiko wa vitu vya dirisha vilivyotayarishwa ili mwandishi avitaje kwa neno moja moja. Huko Amsterdam, wakati wa mapumziko ya Krismasi ya mwaka 1989, Guido van Rossum wa taasisi ya CWI alianza kuandika lugha aliyoiita Python, akaitoa hadharani mwezi wa Februari 1991. Steen Lumholt na van Rossum waliviunganisha viwili hivyo, na matokeo yake yakaitwa Tkinter. Fredrik Lundh akaja kuyatengeneza zaidi na kuyaandikia maelezo ambayo wanafunzi wa dunia nzima waliyasoma kwa miaka mingi. Hata IDLE, dirisha la kuandikia programu ambalo aliyeweka Python hulikuta tayari, limejengwa kwa Tkinter hiyohiyo.

Watunzi wa Python walikuwa na msimamo mmoja ambao wenyewe waliueleza kwa kusema kwamba lugha yao huja na betri zake, na anayejua uchungu wa kununua redio mjini, akafika kijijini akakuta duka halina betri, ataelewa kwa nini msimamo huo una thamani. Anayeisakinisha Python hapati lugha tupu. Pamoja nayo hupata maktaba sanifu, yenye moduli za hisabati, za tarehe na saa, za bahati nasibu kwa ajili ya michezo, za kusoma na kuandika majedwali ya csv, za kubana mafaili. Na tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006 hupata sqlite3, inayobeba ndani yake hifadhidata kamili ya SQLite, kazi ya D. Richard Hipp aliyoitoa mwaka 2000. Wanafunzi wadogo hupata pia kobe. Mwaka 1967 Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walitunga lugha ya Logo kwa ajili ya watoto, na baadaye mtoto aliweza kumwamuru kobe aende mbele, ageuke, na kuacha mstari nyuma yake. Kobe huyo amehifadhiwa katika moduli iitwayo turtle, na mtoto anayemwagiza atembee hatua mia, ageuke nyuzi tisini, na kurudia mara nne, huona mraba ukichoreka na kujifunza jometri pasipo kuambiwa kuwa anajifunza jometri. Yote haya ni bure, ni halali kunakiliwa, nayo hukaa ndani ya faili moja la kusakinisha linaloweza kubebwa katika flashi.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Tumezoea kuhesabu maendeleo ya elimu hii kwa mtandao, na mtandao kweli ulikuja: nyaya za SEACOM zilizopita chini ya bahari zilizinduliwa tarehe 23 Julai 2009, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukajengwa kuvuka mikoa ya bara, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 na kuwa na ndaki yake ya elimu ya kompyuta, kikawasogeza walimu karibu na Singida kuliko ilivyopata kuwa. Nayashukuru yote. Lakini mwanafunzi anayeanza hahitaji mtandao kila saa. Anahitaji kabati la Cambridge liwe mezani pake, na kwa Python kabati hilo lipo, limejaa, na halimdai kifurushi. Kijana wa Mkiwa aliyenakili faili lile siku moja mjini Singida anaweza kukaa miezi sita bila mtandao na asimalize kuvisoma vilivyomo.

Kuhusu lugha ya Kiswahili, wako waliofanya kazi kubwa isiyosahaulika. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, mradi wa Kilinux ulikusanya na kuamua istilahi, na mwezi wa Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi ambazo menyu zake zilisema Kiswahili. Ilithibitika siku hiyo kwamba faili, dirisha, hifadhi na chapa ni maneno yanayoweza kukaa juu ya kioo bila aibu. Maneno ya Python yenyewe yamebaki ya Kiingereza, na ujumbe wa makosa vilevile, jambo ambalo ni kizuizi cha kweli kwa aliyesoma shule ambayo Kiingereza chake ni cha ubaoni tu. Lakini majina anayoyachagua mwandishi ni hiari yake, na maandishi ya juu ya vitufe ni hiari yake pia. Na hii ndiyo fadhila ya dirisha kwa jamii, kwamba yule atakayeitumia programu hahitaji kuusoma hata mstari mmoja wa maagizo, maadamu kitufe kimeandikwa Hesabu na kingine kimeandikwa Hifadhi.

Tuseme basi kijana huyo ana mjomba anayenunua alizeti wakati wa mavuno, mwenye mizani na daftari la kaunta, na kwamba ugomvi wa kila msimu hutokana na lumbesa na hesabu za kichwani. Anataka kumwandikia mjomba wake programu. Katika mstari wa kwanza ataiita moduli ya tkinter. Kisha ataumba dirisha, atie lebo isemayo Uzito kwa kilo, kisanduku cha kuandikia, lebo ya Bei, kisanduku cha pili, kitufe, na lebo tupu ya kupokelea jibu. Mistari isiyozidi ishirini yatosha. Mwishoni ataandika agizo la kuanzisha kitanzi kikuu, na hapo atakutana na fikra mpya inayowatatiza wengi. Programu alizokwisha kuzoea huanza juu zikaishia chini. Hii hufika chini ikasubiri, haifanyi neno mpaka mtu abofye au aandike, kisha hulijibu tukio lile na kurudi kusubiri. Mwalimu anayelipita jambo hili kwa haraka humdhulumu mwanafunzi, kwa maana makosa mengi ya mwanzo yana mzizi wake hapo.

Kosa mojawapo ni la mabano. Kitufe hupewa jina la funksheni, yaani fungu la maagizo lenye jina lake, ya kuitwa kitakapobonyezwa. Mwanafunzi akiongeza mabano baada ya jina, funksheni huitwa papo hapo kitufe kinapoundwa, na baadaye kitufe kikibonyezwa hakuna kinachotendeka. Kosa jingine ni la kuisimamisha programu kwa sekunde tano kwa moduli ya time ili ujumbe usomeke, na dirisha lote likaganda kama lililokufa, kwa sababu kitanzi kilichopaswa kusubiri matukio kimefungiwa ndani ya usingizi huo. Tk ina agizo lake la kuahirisha jambo, liitwalo after, nalo huliacha dirisha likiwa hai. La tatu ni la hesabu zenyewe. Kisanduku cha kuandikia hurudisha maandishi, si namba, na gunia la kilo 70 likijumlishwa na la kilo 65 kabla ya kugeuzwa kuwa namba, jibu litokalo ni 7065. Mjomba aliyeona jibu hilo ana haki ya kurudi kwenye daftari lake. Tena namba zenye nukta hazihifadhiwi sawasawa ndani ya mashine, hata 0.1 na 0.2 zikijumlishwa hazileti 0.3 kamili, kwa hiyo kwa fedha ni afadhali kuhesabu shilingi nzima, au kuitumia moduli ya decimal, iliyomo katika maktaba ileile.

Kuna kosa ambalo nimeliona likiwaliza wanafunzi wenye bidii kuliko wavivu. Mwenye bidii huanza kujifunza kuhifadhi majedwali, akaandika zoezi lake la kwanza na kulipa faili jina la csv.py, kwa kuwa linahusu csv. Kuanzia hapo kila agizo la kuiita moduli ya csv huliita zoezi lake mwenyewe, kwa sababu Python hutafuta kwanza katika folda ya programu kabla ya kutafuta katika maktaba, na ujumbe wa kosa humwambia kwamba kitu alichokisoma kitabuni hakimo. Huamini kwamba kompyuta yake ni mbovu, au kitabu ni cha uongo, au yeye hana akili. Kubadili jina la faili humponya. Kadhalika aliyefungua daftari lake la mauzo kwa herufi w ili aandike mauzo ya leo hufuta mauzo yote ya jana, kwani herufi hiyo huanza ukurasa upya. Alitakiwa kutumia herufi a, inayoongeza mwishoni. Mambo haya ni madogo kwa aliyeyazoea, na kwa aliye peke yake njia panda, usiku, chini ya taa ya sola, ni sababu ya kutosha ya kuifunga kompyuta na kutoifungua tena. Ndiyo maana nasema kwamba baada ya mashine na umeme, kinachokosekana ni mtu wa karibu aliyekwisha kuyapita makosa haya, na kitabu cha Kiswahili kinachoyataja kwa majina yake.

Vitabu ni tatizo la namna yake. Tarehe 3 Desemba 2008 lilitoka toleo la 3.0 la Python, lililobadilisha mambo kadhaa makusudi, na miongoni mwake Tkinter ya herufi kubwa ikawa tkinter ya herufi ndogo. Toleo la zamani liliendelea kutunzwa mpaka tarehe 1 Januari 2020, na vitabu vyake vingali vikizunguka katika maktaba na katika flashi za watu. Mwanafunzi anayenakili kwa uaminifu kutoka ukurasa wa zamani hukataliwa katika mstari wa kwanza kwa ajili ya herufi moja. Aidha zile betri hazimo katika kila sanduku kwa kipimo kimoja. Anayesakinisha katika Windows kwa faili la watunzi wenyewe hupata tkinter pamoja na zote. Anayetumia Ubuntu, ambayo shule na vijana wengi huichagua kwa kuwa ni ya bure, hukuta mara nyingi kwamba tkinter imetengwa katika kifurushi cha python3-tk, na hiki hushushwa kwa mtandao. Anayeziandaa kompyuta za shule ya mbali na aweke kifurushi hicho kabla hazijapakiwa garini.

Nchi jirani zimekwenda kwa mwendo wao. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari, uliotayarishwa na Kodris Africa na kutumia Python. Kwetu mtaala mpya, uliofuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, ulianza kutumika Januari 2024, na shule nyingi za vijijini zingali zikisubiri mashine kabla ya kusubiri mwalimu.

Maktaba yenyewe haikusimama mahali pamoja. Kabati likijaa kwa miaka thelathini hupata vitu visivyo na mtunzaji, na toleo la 3.13, lililotolewa tarehe 7 Oktoba 2024, liliondoa moduli 19 ambazo watunzi waliziita betri zilizokufa, ikiwemo cgi, iliyotumiwa zamani kutengenezea kurasa za wavuti, na baadhi ya zile zilizoshughulikia sauti. Uamuzi huo ulijadiliwa kwa miaka kadhaa, maana kila moduli ilikuwa na watu mahali fulani walioitegemea. Tkinter haikuondolewa, wala turtle, csv, decimal na sqlite3, na programu ya alizeti iliyoandikwa Mkiwa kwa toleo lililotangulia itaendelea kufanya kazi katika toleo hilo bila kubadilishwa mstari.